Dawa za kila siku tunazipanga na kuzibeba namna gani hapa Goma? (tansio yaani presha, sukari, SS yaani selimundu, kifafa, ARV yaani dawa za virusi vya UKIMWI, asma, wote mukaribie)

Mama_Himbi
Wandugu wa Goma na nyie wa Bukavu, naomba tuongee kitu ambacho watu wanakipita haraka sana. Muganga anaandika dawa, farmasi inauza, unarudi nyumbani na plaketi za vidonge zimekatwa nusunusu ndani ya sashe (kafuko ka plastiki), na hapo kila mtu amemaliza kazi yake, hakuna aliyekuambia utazipanga vipi na siku ukitoka nyumbani utazibeba wapi. Mi nauguza mama, yuko na tansio na sukari, anakunywa amlodipine, enalapril, na metformin asubuhi na mangaribi akishakula, na jioni tunamchoma insulini. Mi mwenyewe niko na asma.

Ninachokiamini ni hiki: dawa ya kila siku lazima iwe na makao mawili, moja ya nyumbani na ingine ambayo iko tayari kutoka saa yoyote. Sisi watu wa huku hatuhitaji kuelezwa sababu. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya Jumamosi, watu wakatoka na kile kilikuwa mkononi, kisha tarehe 27 ikatangazwa kuhama kwa sehemu kubwa ya mji, wengine Sake kwa miguu, wengine Gisenyi kule Rwanda, wengine boti ya Bukavu. Januari 2025 vita vilipoingia mjini umeme na maji vikakatika, watu wamelala chini ndani ya nyumba, farmasi zimefungwa. Kila mtu alikuwa anatafuta maji na chakula, ila mwenye sukari na mwenye kifafa walikuwa na shida ya tatu juu ya zile mbili.

Kwetu dawa za nyumbani zinakaa ndani ya bwata ya chuma ya biskwi juu ya kabati, mbali na jikoni, sababu mbabula (jiko la makaa) inatoa joto na mvuke na dawa hazipendi vyote viwili. Mama hajui kusoma, basi nilimushonea vifuko viwili vya kikwembe, kimoja nimechora jua, kingine mwezi. Jioni nakata kwenye plaketi vipande vya kesho bila kuvitoa kwenye karatasi yake ya fedha, naweka vya asubuhi kwenye jua na vya mangaribi kwenye mwezi. Kifuko cha jua kikiwa bado na kitu saa sita mchana, mtoto yeyote wa nyumba anajua kwamba nyanya hajakunywa dawa.

Ile ya kutoka ni pochi ya kitambaa yenye kamba ya kuvaa kiunoni chini ya kikwembe. Ndani kuna dawa za juma moja mpaka mawili, sindano, kile kimashine cha kupima sukari na bandeleti zake kwenye kichupa chake, sukari ya vipande, na karatasi. Na dawa za pochi hazikai mpaka ziharibike: nikinunua plaketi mpya inaingia kwenye pochi, ile ya pochi inarudi kwenye bwata ndiyo tunaikunywa kwanza. Nyie munafanyaje?

Taximan_Ndosho
Mama aksanti kwa hii mada. Mi niko na tansio na kazi yangu ni moto (taxi ya pikipiki), natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi usiku, zamani nilikuwa na captopril mara tatu kwa siku na ile ya saa sita mchana ndiyo ilikuwa inanisumbua juu mchana unaweza kunikuta Mugunga ao airport ao Majengo na mteja mgongoni, maji ya kunywa hakuna. Nikamuuliza dokta wazi kabisa, je hakuna dawa ya mara moja kwa siku, akanipa amlodipine. Asubuhi na chai, basi. Watu wanaogopa kuuliza dokta, wanafikiri ni kumkosea heshima, lakini yeye hajui kazi yako kama haumuambii.

Jambo la pili ni mvua. Mvua ya Goma haipigi hodi, na mufuko wa koti unalowa mpaka ndani. Mi nabeba plaketi ndani ya kale kabwata ka plastiki ka kuwekea sabuni, kanafunga vizuri, kisha ndani ya koti upande wa kifua na si kwenye siti ya moto, juu siti inapata jua inakuwa kama kikaango.

Nimeona pia piluliye, ile bwata yenye vyumba saba vya siku za juma. Mi naona ni bora kuliko kukatakata plaketi, unajaza Jumapili umemaliza.

Infirmye_wa_Usiku
Nafanya kazi ya uinfirmye (uuguzi) hapa mjini, ngoja niseme juu ya piluliye sababu siyo dawa zote zinaivumilia. Piluliye ni nzuri kwa mtu wa dawa nyingi, lakini dawa ikitoka kwenye karatasi yake inakutana na hewa, unyevu na mwangaza. Valproate ya kifafa inavuta maji ya hewani, ukiitoa mapema inalainika na kuharibika, hiyo iache ndani mpaka dakika ya kuinywa. Nifedipine haitaki mwangaza. ARV ya kwenye flako (chupa) ina kile kifuko kidogo kinachokausha hewa, usikitupe. Amlodipine na metformin ya kawaida hazina shida kubwa kukaa wiki kwenye piluliye kavu yenye kufunga vizuri. Kwa hiyo kaka wa Ndosho piluliye yako inakufaa, na mama wa Himbi kukata plaketi bila kuitoboa inafaa zaidi kwa anayekunywa dawa za aina mbalimbali.

Sasa musikilize hii ya plaketi, ni kitu naona karibu kila siku. Plaketi ina jina la dawa, miligramu, na tarehe ya kuisha, na mara nyingi tarehe imebanwa upande mmoja tu, mwishoni. Farmasi ikikuuzia nusu, angalia umepewa nusu gani. Ukiwa na plaketi nzima anza kutoboa upande usio na tarehe, na kipande chenye tarehe na jina kiwe cha mwisho. Ukipewa vidonge vitupu ndani ya kabahasha bila jina, omba wakuandikie hapohapo: jina, miligramu, tarehe. Ni haki yako, umelipa.

Ingine: soma jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo, siyo jina kubwa la kampuni. Mtu anakuja amechoka, miguu imevimba, tunamwaga dawa zake kwenye meza tunakuta bwata mbili za rangi tofauti na zote mbili ni amlodipine. Moja aliandikiwa hapa, ingine alinunua Gisenyi. Alikuwa anakunywa mara mbili ya kipimo na anajiona ni mwaminifu wa dawa.

Na ukiona herufi LP kwenye bwata, maana yake dawa imetengenezwa iachie polepole kwa saa nyingi. Hiyo hausagi, hautafuni, na kabla ya kuikata unauliza, sababu ukiisaga dawa ya siku nzima inaingia mwilini kwa mara moja.

Kivu_Ndogo
Infirmye mimi nauliza, mtu akisahau asubuhi akakumbuka jioni anafanyaje? Anakunywa mbili?

Infirmye_wa_Usiku
Hapana, usikunywe mbili kamwe. Kwa dawa ya mara moja kwa siku, ukikumbuka siku ileile unakunywa moja na kesho unarudi saa yako ya kawaida. Ukikumbuka wakati saa ya ile inayofuata imekaribia, unaruka. Ila zile za kufanya mtu akojoe, hydrochlorothiazide ao furosemide, ukizikumbuka usiku utaamka usiku kucha, na choo ya nje usiku kwenye mawe ya volkano mtu mzee anaanguka. Ndiyo maana tunaziandika asubuhi. Insulini na dawa za kifafa, hizo uliza muganga wako mapema, kabla haijatokea, akuandikie kabisa cha kufanya.

Mama_wa_SS
Mtoto wangu yuko SS, ana miaka tisa. Nyinyi mumeongea watu wazima ambao wanabeba dawa zao wenyewe, mtoto yeye anabebewa na akifika shuleni hauko naye. Anakunywa asidi foliki kila asubuhi na hydroxyurea, hizo zinabaki nyumbani, mi ndiye nampa kwa mkono wangu na ile kapsuli hatuifungui, tulielezwa kwamba unga wake si wa kushikashika na mwanamke mwenye mimba ndiyo kabisa asiuguse. Kwenye kartabo yake ya shule kuna vitu vitatu: chupa ya maji ya lita moja, pulova hata kama jua linawaka, na paracetamol yenye karatasi imeandikwa uzito wake na kipimo chake na namba yangu.

Kazi kubwa ilikuwa mwalimu, siyo dawa. Mtoto wa SS anatakiwa kunywa maji mengi, akinywa mengi anaomba kwenda choo mara nyingi, mwalimu anaona ni mchezo anamkatalia, mtoto anaacha kunywa maji ili asiombe ruhusa, na hapo ndipo maumivu yanaanza. Nilienda na karatasi ya hospitali yenye kashe (muhuri), nikaongea na mwalimu na mkuu wa shule pamoja, nikawaeleza pole pole. Kila mwaka mwalimu akibadilika narudia. Nawaomba wazazi wa SS musitume mtoto na ujumbe, muende wenyewe.

Na wakati wa kukimbia, mi pochi ya mtoto nimeigawa mara mbili, nusu kwangu nusu kwa dada yake mkubwa, juu kwenye fujo familia inaachana njiani. Sote wa Goma tunalijua hilo.

Mama_Himbi
@Mama_wa_SS hiyo ya kugawa mara mbili sikuiwaza na naichukua leo leo. Aksanti sana mama, Mungu akulindie mtoto.

Jina_Nimeficha
Naandika na akaunti ingine. Mi niko kwenye ARV, ile ya kidonge kimoja kwa siku. Shida yangu haikuwa kukumbuka, shida ilikuwa flako. Watu walipokuja mjini kwa wingi tulikuwa familia tatu chumba na salon, na ile flako ukiitikisa kidogo inalia kama kayamba, kila mtu anajua ni nini. Najua wengi wanamwaga vidonge kwenye sashe ili visilie. Mi nilikataa kufanya hivyo. Nilikata kipande cha soksi nikaivalisha flako kwa nje, na ndani vidonge vikiwa vingi havilii sana, vikipungua naifunga na kitambaa na kuiweka ndani ya mufuko wa vitu vyangu vya kike, hapo hakuna mwanaume wala mtoto anapochungulia.

Saa yangu ni saa tatu usiku. Alarmu ya simu nimeiandika "chaji simu". Na kila nikipewa dawa za miezi mingi naomba kliniki inipe pia karatasi yenye jina la dawa na tarehe niliyoanza, juu nikikwama mji mwingine nataka nikifika pale waniendelezee dawa ileile bila kunirudisha mwanzo. Wakati wa kukimbia kuna watu waliacha kabisa sababu waliogopa kuonekana wakinywa. Wandugu, kunyweni. Tafuta kona, tafuta choo, funika na kikwembe, lakini kunyweni.

Infirmye_wa_Usiku
Dada umefanya vizuri mno na hiyo flako. Niongeze kitu kimoja kwa ajili ya wote wenye hiyo dawa yenye dolutegravir: vidonge vya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zinaizuia isiingie mwilini vizuri, basi ARV inywewe masaa mawili kabla ya hivyo ao masaa sita baada yake. Wamama wenye mimba wanapewa chuma na wanavinywa pamoja kwa kurahisisha. Na kama mtu yuko na sukari anakunywa metformin pamoja na hiyo ARV, lazima daktari ajue, sababu inapandisha metformin mwilini na kipimo kisipite miligramu 1000 kwa siku. Ndiyo maana nasema ile karatasi iwe na dawa zote, hata zile unazozificha. Unaweza kuwa na karatasi mbili, moja ya kuonyesha watu na moja ya muganga peke yake.

Nguba_Bukavu
Mi ni wa Bukavu, niko na sukari ya aina ya kwanza tangu utoto, kwa hiyo insulini ni maisha yangu. Nawasoma mnaongea plaketi nasema hawa wana bahati. Insulini iliyofungwa inataka frigo, digrii 2 mpaka 8, na frigo bila umeme ni kabati tu. Nitaeleza ninachofanya.

Flako ninayoitumia sasa haihitaji frigo. Ikishafunguliwa inakaa nje kwenye kivuli karibu wiki nne, naandika tarehe ya kufungua na bike (kalamu) juu ya plasta nabandika kwenye flako. Zile za akiba naziweka kwenye chungu: chungu kikubwa cha udongo, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga, mchanga unalowanishwa asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, na kinakaa kivulini mahali upepo unapita. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Haifiki baridi ya frigo, lakini mji wetu na Goma tuko juu, karibu mita 1500, joto letu siyo la pwani. Watafiti wa MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walipima jambo hili kwa ajili ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Kenya, ambako joto ni kali kuliko huku, na mwaka 2021 wakatoa matokeo kwamba insulini iliyokaa kati ya digrii 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Niliposikia hiyo nililala usingizi.

Kitu kibaya kuliko joto ni barafu. Insulini ikiganda, imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Kwa hiyo usiigandamize na barafu kwenye glasiere (sanduku la baridi), wala usiiweke frigo upande wa nyuma kabisa panapoganda. Ile inayopaswa kuwa maji meupe ukiiona na ukungu, tupa. Ile ya mchanganyiko 30/70 yenyewe ni ya ukungu, hiyo unaiviringisha katikati ya viganja pole pole mpaka ifanane yote, hauitikisi kwa nguvu.

Kwenye boti ya Goma-Bukavu insulini haiendi na mizigo, hata siku moja. Mzigo unaweza kulowa, unaweza kukaa karibu na injini, unaweza kushuka bila wewe. Inakaa mwilini mwangu, pamoja na sukari ya vipande. Nikianza kutetemeka na jasho baridi linatoka nakula vipande vitatu vinne hapohapo, napumzika robo saa, napima tena. Na aliye karibu yangu namuambia kabla hatujaondoka, hata kama simjui: niko na sukari, ukiniona naongea maneno yasiyoeleweka nipe hii. Hakuna aliyenicheka.

Katindo_Junior
Kaka Nguba hiyo ya kuambia jirani wa boti ni nzuri sana. Mi mdogo wangu ana kifafa, anakunywa phenobarbital usiku. Wiki ijayo anavuka mpaka pale Petite Barrière kwenda kukaa kwa shangazi Gisenyi, watamsumbua na dawa?

Infirmye_wa_Usiku
Phenobarbital ni dawa inayodhibitiwa kimataifa, basi asiibebe mtupu ndani ya bahasha. Aibebe kwenye bwata yake ao plaketi yake, na ordonanse (karatasi ya dawa ya dokta) yenye jina lake lilelile liko kwenye kitambulisho, tarehe, saini na kashe, na kiasi cha dawa kilingane na siku atakazokaa. Na asibebe ndani ya sashe ya plastiki, Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, kwenye barriere wanaichukua na vitu vinabaki mkononi. Kitambaa ao karatasi. Kubwa kuliko yote asikose hata usiku mmoja, dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta mshtuko mbaya kuliko ule aliouzoea, kwa hiyo abebe za siku chache zaidi. Shangazi ajue: mshtuko ukija alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na ukipita dakika tano apelekwe hospitali.

Katindo_Junior
Nimeandika yote. Aksanti.

Taximan_Ndosho
Mama Himbi ile karatasi uliyosema ndani ya pochi imeandikwa nini kabisa? Mi niko na picha ya ordonanse kwenye simu nikafikiri inatosha.

Mama_Himbi
Kaka, simu inazimika, simu inanyang'anywa njiani, na simu yako wewe ukiwa umezimia hakuna anayejua kuifungua. Picha iwe nayo, lakini na karatasi. Nimeandika kwa Kifaransa juu waganga wengi wanasoma haraka hivyo, na Kiswahili pia kwa ajili ya raia. Jina, mwaka wa kuzaliwa, ugonjwa, kila dawa na miligramu na saa, dawa inayomdhuru (mama penicillin inamtoa mapele na kumvimbisha uso, hiyo nimeizungushia bike nyekundu), tansio yake ya kawaida ni ngapi, na namba mbili za watu wa familia wasiokaa nyumba moja, sababu sisi wa nyumba moja tunaweza kupatwa wote. Nimeipeleka kwa wa fotokopi wakaiplastifie.

Juu ya pesa: najua wengi mnasoma munasema akiba ya wiki mbili nitaitoa wapi wakati naishi kwa plaketi moja moja. Sikuipata mara moja. Kila mwisho wa mwezi naongeza nusu plaketi ya dawa moja tu, mwezi mwingine ya dawa ingine, na nilianza na ile ambayo mama akiikosa inamuangusha haraka, insulini, kisha za tansio. Metformin ilikuja mwisho.

Kivu_Ndogo
Na pompi yako ya asma mama, unajuaje kama inakaribia kuisha? Mi natia kwenye maji naangalia kama inaelea.

Infirmye_wa_Usiku
Acha hiyo ya maji, haionyeshi kitu na inaziba tundu. Nyingi za salbutamol ziko na mipigo 200, imeandikwa kwenye chuma. Kama haina kihesabio, andika tarehe uliyoanza na uchore kistari kwenye karatasi kila ukipiga. Ikipita mipigo 200 inaweza kuendelea kutoa hewa na wewe unafikiri ni dawa. Na kama hauna chemba ya kuvutia, chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi: unatoboa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pompi, unaingiza, unaziba pembeni na plasta hewa isitoke, unatikisa pompi, unapiga mara moja, unavuta pole pole kwa mdomo wa chupa. Kwa watoto inasaidia sana.

Mama_Himbi
Hiyo chupa naitengeneza kesho, na naipima kama inaingia kwenye pochi. Atakayehitaji vipimo vya pochi kwa fundi wake aniandikie hapa, nitaweka picha: zipu iwe ya plastiki, ile ya chuma inashika kutu mvua ikipiga, na kamba iwe pana, nyembamba inakata kiuno mtu akitembea mbali.